Umeme wa Mpangaji, Wajibu wa Mwenye Nyumba



Leo tunasema kama wenye nyumba. Baadhi yetu tuna nyumba za zamani za kupangisha Magomeni, Ilala na Temeke, na zipo parokia zinazotegemea kodi ya nyumba za namna hiyo. Mnazifahamu: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko uani, mabati juu. Kila chumba kina familia yake, na mara nyingi wote wanatumia LUKU moja. Mwezi wa Januari bati hupata moto mchana kutwa, usiku feni huzunguka mpaka alfajiri, na siku ya kuchangia umeme ugomvi huanza.

Tumezoea kusema umeme ni shauri la mpangaji. Lakini mpangaji hawezi kutengeneza paa lisilo lake. Akiweka dari kwa fedha zake, ataiacha siku atakapohama. Asipoiweka, sisi hatuoni hasara, kwa sababu umeme wa feni tunamwachia yeye. Ndiyo maana nyumba hubaki vilevile miaka nenda, miaka rudi. Wa kuanza ni mwenye nyumba.

Tufanye nini?

Kwanza, paa. Tuweke dari, na juu yake tuache matundu yenye wavu kwenye kuta za pembeni ili hewa ya moto itoke. Dari isiyo na matundu hufungia joto juu ya kichwa cha mpangaji. Rangi nyeupe juu ya bati nayo husaidia, kwa kuwa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua.

Pili, taa. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula uniti 9 kwa mwezi. Nyumba yenye taa nane, yaani vyumba sita, korido na uani, hutumia uniti 72. Balbu za LED za wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na huo kwa uniti 11 hivi. Tena balbu ya zamani huongeza joto chumbani.

Tatu, nyaya na mita. Nyaya zilizochakaa na viungio vilivyolegea hupata moto na vinaweza kuunguza nyumba. Tumwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na katika kazi hiyohiyo tuweke mita ndogo ya kila chumba. Anayetumia kidogo atalipa kidogo, na kila mmoja atakuwa na sababu ya kuzima taa.

Nne, jiko. Wengi wetu huwakataza wapangaji kupikia umeme, kisha mvua ikinyesha wanaingiza jiko la mkaa koridoni, na hewa yake ya sumu inaweza kuua. Taifa limejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Nyaya zikiwa imara na kila chumba kikiwa na mita yake, sababu ya katazo letu itakuwa imekwisha. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja.

Mtauliza fedha zitoke wapi. Kodi tunapokea ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Fedha tunazo mkononi kabla mpangaji hajalala hata usiku mmoja. Tunapendekeza kila kamati itenge kodi ya mwezi mmoja kwa mwaka: mwaka wa kwanza nyaya, mita na balbu, miaka inayofuata dari, chumba baada ya chumba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Tukimaliza matengenezo kisha tukapandisha kodi, mama ntilie wa chumba cha nyuma atahama, na atakayefaidi ubaridi ni mwingine. Kwa hiyo tunaomba kila kamati iandike kwenye mkataba kwamba kodi haitapanda kwa sababu ya matengenezo haya kwa muda utakaotajwa. Nanyi wafadhili, mnapoombwa kuchangia ukarabati wa nyumba ya kupangisha, ombeni kwanza kuuona mkataba huo.