Dola ya Wafanyi Kazi Iliyokosa Sabuni



Katika mkutano uliopita tuliulizana swali, wala hatukulimaliza kwa sababu ndugu wa zamu ya usiku walikuwa wakiondoka. Swali lilikuwa hili: ile dola kubwa ya Sovieti, iliyojiita serikali ya wafanyi kazi, iliangushwa na nani? Wengine walisema Marekani. Wengine walisema ni mtu mmoja tu, Gorbachev. Leo twajibu, nasi twajibu kama watu wa reli.

Tuanze kwenye kiwanda cha injini za umeme za reli, katika mji wa Novocherkassk, kusini mwa Urusi. Tarehe 1 Juni 1962 serikali ilipandisha bei ya nyama na siagi. Wakati ule ule malipo ya mafundi wa kiwanda kile yalikuwa yamepunguzwa. Mafundi wakaweka vyombo chini, wakasimamisha treni njiani. Kesho yake waliandamana mjini wakichukua picha za Lenin, na askari wakawapiga risasi. Walikufa watu 26, na wengine 7 wakahukumiwa kifo baadaye. Kwa miaka mingi hakuna gazeti la nchi ile lililoandika neno.

Je, hawakuwa na chama cha wafanyi kazi? Walikuwa nacho, na karibu kila mtu alikuwa na kadi yake. Chama hicho kiligawa nafasi za likizo, na kikahimiza watu watimize mpango. Lakini hakikuweza kumwambia mwajiri “hapana”, maana mwajiri alikuwa serikali, na serikali ilikuwa mkononi mwa Wakomunisti, na Wakomunisti hao hao ndio waliosimamisha viongozi wa chama. Sisi ambao shirika letu ni mali ya serikali twalielewa jambo hili upesi kuliko wengine.

Baada ya damu ile, serikali iliogopa kugusa bei ya nyama. Iliiacha chini miaka na miaka, huku hazina ikilipa tofauti. Basi watu walikuwa na fedha mfukoni na foleni mbele ya duka, na dukani hamna kitu.

Mpango wa kazi zote ulitoka Moscow. Reli yao ilipimwa kwa tani zilizobebwa mara kilomita zilizokwendwa. Mnacheka, maana mwajua: mzigo ukizungushwa mbali, hesabu yapendeza, hata kama mwenye mzigo amepata hasara! Ndivyo ilivyokuwa katika viwanda vingi. Walitimiza hesabu, si haja ya mtu.

Nchi ile yenye mashamba mapana ilikuwa ikinunua ngano Marekani na Kanada, na fedha za kigeni ilizipata zaidi kwa kuuza mafuta. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka duniani. Mwaka huo huo mtambo wa Chernobyl ukalipuka. Vita ya Afghanistan, iliyoanza 1979, haikwisha mpaka 1989, na silaha za kushindana na Marekani zilikula sehemu kubwa ya mali. Gorbachev, aliyeshika uongozi 1985, alifungua midomo ya watu na kulegeza mpango wa zamani, lakini hakuweka mwingine uliosimama mahali pake.

Ndipo Julai 1989, huko Mezhdurechensk katika Siberia, wachimba makaa walitoka shimoni weusi, na sabuni ya kuogea hakuna. Wakagoma. Mgomo ukaenea Donbas, Vorkuta na Karaganda, watu mamia ya maelfu. Chama chao hakikuwaongoza. Walichagua kamati zao wenyewe. Serikali iliahidi mengi, ikatimiza machache. Mwaka 1991 waligoma tena, na safari hii hawakutaja sabuni: walitaka Gorbachev aondoke.

Agosti 1991 wakubwa fulani walijaribu kuteka serikali, wakashindwa kwa siku tatu. Majimbo yalikuwa yamekwisha anza kujitoa. Tarehe 1 Desemba watu wa Ukraine walipiga kura, na zaidi ya 90 kwa mia walitaka uhuru. Tarehe 25 Desemba Gorbachev alijiuzulu na bendera nyekundu ikashushwa. Dola moja ikawa nchi 15.

Kwa hiyo ndugu aliyesema Marekani hakukosa kabisa, lakini Marekani haikuwanyima wachimba makaa sabuni. Dola ile ilijiziba masikio yake yenyewe mwaka 1962, na ilipoyazibua ilikuwa imechelewa.

Wala hatusemi kwamba wale wachimba makaa walipata raha. Januari 1992 bei ziliachiliwa, na akiba za watu zikaliwa zote. Mishahara ikawa hailipwi kwa miezi. Mei 1998 wachimba makaa wa jimbo lile lile la Siberia walikwenda wakakaa juu ya reli kuu ya kuvuka Siberia wakidai mshahara wao, na treni zikasimama huku na huku zikingoja.