Gharama za Kuhamia Kisiwa Kilichopigwa na Tufani



Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 2017, tufani iliyoitwa Maria iliingia nchi kavu karibu na mji wa Yabucoa, kusini-mashariki ya kisiwa cha Puerto Rico, katika Bahari ya Karibi. Upepo wake ulikwenda mwendo wa kilomita 250 hivi kwa saa. Mapaa yaling'oka, migomba ikalala chini, na nguzo za umeme zikaanguka kisiwa kizima. Mwaka uliofuata Serikali ya kisiwa ilikubali kwamba waliokufa kwa sababu ya tufani hiyo walikadiriwa kuwa watu 2,975. Nyumba za mwisho zilikaa gizani karibu miezi 11.

Basi watu wengi walifunga mizigo wakaenda Marekani bara, hasa Florida. Hawakuhitaji pasipoti, maana wenyeji wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917. Lakini wakati hao wakiondoka, wengine walikuwa wakija. Na baadaye baadhi ya walioondoka nao walitamani kurudi kwao. Yafaa kuangalia wahamiaji hao walitozwa nini, kwa kuwa hawakutozwa sawasawa.

Gharama ya kwanza ni ya bahari. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1920 isemayo kwamba shehena ipelekwayo kutoka bandari moja ya Marekani hata nyingine sharti ichukuliwe na meli iliyojengwa Marekani, yenye bendera ya Marekani, na ambayo mabaharia wake wengi ni Wamarekani. Meli hizo ni ghali. Kwa hiyo kitanda, jokofu na mabati yatokayo Jacksonville kwenda San Juan hulipiwa nauli kubwa. Baada ya tufani Serikali ya Washington iliilegeza sheria hiyo kwa siku 10 tu. Aletaye motokaa yake hutozwa ushuru bandarini kabla hajaichukua, hata ikiwa ni kuukuu. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula cha kisiwa hutoka ng'ambo, nauli hiyo humfuata mhamiaji mpaka jikoni.

Gharama ya pili ni kujihami. Anayenunua nyumba huiona bei yake siku moja, lakini bima huja kila mwaka. Katika bima ya tufani, mara nyingi mwenye nyumba hubeba kwanza hasara ya asilimia 2 ya thamani iliyoandikwa. Maana yake, nyumba ya dola 200,000 ikiezuliwa, dola 4,000 za kwanza ni juu yake mwenyewe. Mafuriko ni bima nyingine mbali. Tena si kila kampuni huweza kutimiza ahadi: baada ya Maria ilikuwako iliyofilisika kwa wingi wa madai. Kisha kuna jenereta na mafuta yake, tangi la maji, na milango ya chuma ya madirishani. Vitu hivyo si anasa. Tarehe 18 Septemba, 2022, tufani Fiona ilizima umeme kisiwa kizima. Ukazimika karibu kote tena tarehe 31 Desemba, 2024, na kisiwa kizima tarehe 16 Aprili, 2025, bila tufani yo yote.

Sasa tuje kwenye kodi. Mwaka 2012 Serikali ya Puerto Rico ilitunga sheria ya kuwavuta matajiri. Mgeni aliyehamia na kufanya kisiwa kuwa makao yake aliondolewa kodi juu ya faida ya hisa zilizopanda thamani baada ya kuhamia. Mwaka 2019 sheria hiyo iliunganishwa na nyingine, wageni wakaamriwa kununua nyumba katika muda wa miaka miwili na kutoa dola 10,000 kila mwaka kwa vyama vya hisani. Kwa mwenye mamilioni, hayo ni kama nauli ya basi. Nyumba za pwani zikapanda bei, na kodi za pango zikafuata. Huko Rincón, mwezi Julai, 2021, watu walikusanyika kupinga ujenzi mpya wa bwawa la kuogelea ambalo Maria lilikuwa limelibomoa. Walisema ardhi ile ni ya umma, na kasa hutagia mayai papo hapo.

Aliyekimbilia Florida mwaka 2017, alipotaka kurudi kwao, hakupata msamaha huo, kwani sheria iliwataka watu ambao hawakuwa wakazi wa kisiwa miaka ya nyuma. Naye hulipa nauli ile ile ya meli na bima ile ile. Hata nyumba ya babaye ilimletea taabu. Jamaa nyingi walikuwa wamejenga juu ya ardhi ya wazee wao kwa neno la mdomo, pasipo hati, na maelfu walipoomba msaada wa Serikali ya Marekani walinyimwa kwa kukosa karatasi. Masharti hayo yalilegezwa mwezi Septemba, 2021. Wakati huo zilikuwako nyumba ambazo zingali zimefunikwa maturubali ya buluu yaliyotandazwa juu ya mapaa yake miaka minne kabla.