Kwa Nini Mwaka Huu Tunaomba Kadi Badala ya Jengo
(Maelezo ya Kamati ya Fedha mbele ya Mkutano Mkuu, 2022)



Tumetakiwa kueleza kwa nini tunapendekeza michango ya mwaka huu iende kwenye kadi za CHF na si kwenye jengo la pili la zahanati. Tunajua jengo hupigwa picha, kadi haipigwi. Tuvumilieni.

Tangu 1993, serikali ilipoanza utaratibu wa kuchangia gharama hospitalini, mgonjwa wa kwetu hutibiwa kwa fedha iliyopo siku hiyo. Na fedha nyumbani ina msimu. Mtama na alizeti vikishauzwa, mtu ana kitu mfukoni. Lakini malaria huja kifuku, ghala likiwa limebaki vumbi. Hapo mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa, au mgonjwa analazwa ndani, "tumwangalie kwanza," mpaka afikishwe Mvumi au General akiwa hajitambui.

Upande wa pili ni daktari. Hatumlaumu, wengine ni watoto wetu. Ila sisi wahasibu tumezoea kuuliza: huyu analipwaje? Hospitali inayolipwa kwa kila kipimo hushawishika kupima sana: damu, mkojo, picha. Inayolipwa kiasi kimoja kwa kila mtu hushawishika kufanya kidogo. Asiye na bima wala fedha hupewa karatasi akanunue dawa nje. Na katika stakabadhi mlizotuletea tumeona dawa ileile, ikiandikwa kwa jina la kiwanda, imenunuliwa ghali kuliko ilipoandikwa kwa jina lake la kawaida. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza, "Daktari, hakuna ya bei nafuu inayotibu vilevile?" Wengi wetu tunadhani ni utovu wa adabu. Si utovu wa adabu, wazee wetu. Ulizeni.

CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, mwaka huu wa 2022 ni shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kaya 100 ni shilingi 3,000,000. Kwa jengo, fedha hiyo haimalizi hata msingi.

Kadi ina udhaifu wake na hatutauficha. Dirisha la dawa likiwa tupu, kadi haitibu. Na anayeruka zahanati akaenda mjini bila barua ya rufaa atalipa taslimu, kisha atatangaza kijiji kizima kwamba CHF ni ya uongo.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Michango ikatie kadi wajane na wazee wanaolea wajukuu, kwa orodha itakayosomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Wengine wajilipie Julai, mavuno yakiwa ndani. Pili, wajumbe wetu katika kamati ya zahanati wakague daftari la dawa kila mwezi na kutuletea nakala. Dawa ikikosekana tujue ni ipi na tangu lini, ndipo twende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya tukiwa na karatasi mkononi.

Daftari la ahadi liko meza ya mbele. Kila shilingi 30,000 itaandikwa na namba ya kadi iliyokatwa, na orodha hiyo itachapishwa katika kijitabu cha mwakani.