Wajibu wa Wazee Wanaosuluhisha



Tumeombwa tunene juu ya wale wanaoketi kati ya watu wawili wagombanao. Katika Meru kazi hii yajulikana kuwa ya Njuri Ncheke, ambao makao yao yapo Nchiru. Lakini mzee ye yote aitwaye kuamua mpaka wa shamba, huku au Embu, amebeba mzigo ule ule.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yaagiza mahakama zihimize upatanishi, usuluhishi na njia za jadi, ila njia hizo zisivunje haki za mtu. Basi mzee hawezi kusema, "Ndiyo mila," akanyamaza. Mjane asiyeruhusiwa kunena juu ya shamba la marehemu mumewe hakuamuliwa, amenyang'anywa tu.

Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 haikutungwa kwa ajili ya baraza la kijijini, lakini ina funzo kwetu. Yamtaka msuluhishi, aombwapo kazi, aseme wazi jambo lo lote liwezalo kuwatia watu shaka juu yake. Kwetu ni vigumu kuliko mjini, maana nani huku asiye shemeji wa mtu? Hatusemi kila mwenye ujamaa ajitoe, tungekosa wazee. Twasema autaje mbele ya wote wawili, na mmoja akimkataa, aondoke bila kinyongo. Na juu ya mbuzi: alaye mbuzi wa upande mmoja jioni, asubuhi husikia kwa sikio moja. Kiletwacho kiwe sawa kwa pande zote, kipokewe hadharani, kiandikwe.

Kuandika ndiko tunakotilia mkazo. Sisi ni makarani, mtatusamehe. Sheria hiyo yataka uamuzi uwe na sahihi, tarehe na sababu zake. Tena mzee ajue uwezo wake unakoishia. Mabaraza ya wazee ya ardhi yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1990, iliyofutwa mwaka 2011, yalipewa mambo ya mipaka na matumizi ya ardhi. Mara nyingi yaliamua nani mwenye hati, na Mahakama Kuu ikayatangua maamuzi hayo. Aliyekwisha uza ng'ombe kwa gharama za shauri alirudi mwanzo.

Twaomba mkutano huu ukubali kununua daftari moja kwa kila tawi, likae kwa katibu, na pande zote zisomewe yaliyoandikwa kabla ya kutia dole gumba.