Chungu cha Risasi Kinapoziba
Msikilizaji, chungu cha umeme cha kuyeyushia madini ya risasi, kile chenye tundu chini la kumiminia chubwi za kuvulia samaki, kikiziba, wengi hukimbilia kuongeza moto. Ikiwa mdomo wa tundu umepoa, joto litasaidia. Lakini mara nyingi kinachoziba ni uchafu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327 za Selsiasi. Mchanga na kutu haviyeyuki hata chungu kikifika 500, na moto wa ziada huongeza utando wa oksidi, ambao vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Mtu atauliza: uchafu ni mwepesi kuliko risasi, mbona hauelei? Huelea ukiwa huru. Ulionata kwenye kitako cha chungu hubanwa na uzito ulio juu yake, kisha huburutwa hadi tunduni. Kwa hiyo risasi chakavu isafishwe kwanza katika chombo kingine cha chuma, si sufuria ya alumini, nje penye upepo. Chombo hicho kisirudi jikoni kamwe. Na waya wa kuzibulia ukaushwe kabisa: maji yakizama ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni.