Saa ya Kupima ni Saa ya Kazi

(Maneno ya fundi mkerezaji mbele ya wanachama wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika mkutanoni.)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kutia injini ya gari moja ndani ya gari jingine la zamani, na hasa juu ya vipande tunavyovitengeneza kwa mikono yetu ili injini hiyo ngeni iweze kuzungusha magurudumu. Nitasema kwanza juu ya kazi yenyewe, halafu juu ya haki ya mtu anayeifanya. Mambo haya mawili ni jambo moja, kama mtakavyoona.

Tuchukue mfano wa Land Rover, maana kila mmoja hapa ameijua. Gari hili lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na zile za Series ziliendelea mpaka 1985. Serikali, mashamba na misheni zilizitumia kila pembe ya Kenya. Injini yake ya petroli ya lita mbili na robo ilikuwa mvumilivu, lakini inakunywa sana. Basi mwenye gari anapenda bodi yake ya zamani ibaki, ila anataka injini ya dizeli ya pick-up ya Kijapani. Injini ananunua, giaboksi anayo, chasisi anayo. Lakini vile vipande vya katikati, vya kuunganisha kitu cha Uingereza na kitu cha Japani, havipatikani katika kila duka la spea. Hapo ndipo anapokuja kwetu na kusema, "Fundi, nitengenezee."

Kipande cha kwanza ni bamba la kuunganisha. Matundu ya bolti ya injini hayalingani na matundu ya nyumba ya klachi ya giaboksi, kwa hiyo tunakata bamba nene la chuma au la aluminiamu, upande mmoja likae juu ya injini, upande wa pili likae juu ya giaboksi. Watu wengi hufikiri kazi hapa ni kutoboa matundu. Sivyo. Kazi ni kuhakikisha kwamba kitovu cha krankshafti na kitovu cha shafti ya giaboksi viko katika mstari mmoja. Vikipishana kidogo tu, sahani ya klachi itasuguana vibaya, beringi ya mbele ya giaboksi italia, na baada ya miezi michache meno yatakuwa yamelika. Mwenye gari atasema giaboksi ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Iliuawa na bamba.

Namna ya kupima ni hii. Funga saa ya kupimia juu ya flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu la nyumba ya klachi. Zungusha injini pole pole kwa mkono, mzunguko mzima. Mafundi waangalifu hawakubali sindano ipite robo ya milimita kwa mzunguko huo. Maana yake kitovu kimehama nusu ya hiyo, yaani kama sehemu moja ya nane ya milimita. Ikizidi, legeza, sogeza, pima tena. Ukishaipata, tia pini za chuma zilizokaza. Kumbukeni neno hili, ninyi vijana: bolti hushika, lakini haielekezi. Kinachoelekeza ni pini. Bamba lisilo na pini leo liko sawa, na kesho, baada ya kufunguliwa kubadili klachi, litakuwa limehama.

Unene wa bamba nao una hesabu yake. Ncha ya shafti ya giaboksi lazima iingie ndani ya bushi ndogo ya shaba nyeusi iliyo katikati ya krankshafti. Bamba likiwa nene mno, ncha haifiki, na shafti itaning'inia bila mshiko upande huo. Likiwa jembamba mno, ncha itasukuma krankshafti kwa mbele kila wakati mpaka beringi yake ya kuzuia msukumo imalizike. Basi unapima kina cha bushi, unapima urefu wa shafti, unapima nyumba ya klachi, ndipo unajua unene. Na bushi hiyo yenyewe utaikereza wewe, maana nje lazima itoshe injini ya Japani, na ndani itoshe shafti ya Uingereza.

Kipande cha pili ni propela shafti. Injini mpya ikiwa ndefu au fupi kuliko ile ya zamani, giaboksi husogezwa, na propela ya zamani haitoshi tena. Hii, ndugu zangu, ndiyo kazi inayoweza kuua mtu.

Fikirini mwendo wake. Land Rover yenye magurudumu ya kawaida na difu ya 4.7 kwa moja, ikienda kilomita 80 kwa saa, propela yake inazunguka karibu mara 2,500 kwa dakika moja. Kwa mwendo huo, uzito wa gramu 30 tu uliozidi upande mmoja wa bomba, sentimita nne kutoka kitovuni, unavuta kwa nguvu kama ya kilo nane. Na hauvuti upande mmoja tu, unazunguka nao, juu, chini, kulia, kushoto, zaidi ya mara 40 kwa kila sekunde. Gramu 30 ni tone la kuchomelea lililoachwa bila kusafishwa. Je, krosi na sili na beringi zitastahimili kwa muda gani?

Kwa hiyo kufupisha propela kunafanywa hivi. Kwanza piga mstari mmoja kwa urefu wa bomba lote kabla ya kukata, ili ujue nira mbili zilikaaje. Tia shafti katika lezi, ondoa wedi ya zamani kwa kuikereza, si kwa kuipiga nyundo. Kata bomba, ncha iwe mraba kabisa. Rudisha nira, na hakikisha nira mbili za ncha za bomba zimekaa katika bapa moja. Sababu yake ni kwamba krosi ikifanya kazi kwa pembe haizunguki kwa mwendo mmoja. Kwa pembe ya digrii 15, upande unaoendeshwa huenda mbio zaidi na tena pole zaidi kwa kama sehemu tatu na nusu katika mia, mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya pili hurudisha kosa hilo, lakini ikiwa tu nira zimelingana na pembe za pande mbili zimekuwa sawa. Ukikosa, gari litatetemeka hata kama propela imenyooka kama mshale.

Baada ya hapo choma alama nne ndogo zinazoelekeana, pima kwa saa, nyosha, pima tena, ndipo uchomelee mzunguko mzima. Ikipoa, pima mara ya tatu, maana moto huvuta chuma. Halafu ipelekwe kwenye mashine ya kusawazisha uzito. Wala usitumie bomba la maji badala ya bomba la propela. Bomba la maji lilifanywa libebe maji. Halikufanywa kusokotwa.

Na kusokotwa huko si mchezo. Injini ya zamani ilitoa nguvu ya kuzungusha kama Nm 160. Tuseme injini mpya inatoa 200. Gia ya kwanza inazidisha mara tatu na nusu na zaidi, na giaboksi ndogo ikiwa katika gia ya mlima inazidisha tena mara mbili na zaidi. Mara moja Nm 200 zimekuwa zaidi ya 1,600 ndani ya propela. Hafu shafti za nyuma za Land Rover hizo zilijulikana kukatika hata kwa injini yake mwenyewe. Fundi mwenye akili humwambia mwenye gari mapema: ukiongeza nguvu mbele, utafute na shafti imara nyuma. Mnyororo hukatika pale penye pete dhaifu.

Propela ikikatika nyuma, inaburuta barabarani na gari linasimama. Ikikatika mbele, ncha huanguka, huchoma barabara, na gari linaweza kuinuliwa kama mtu anayeruka kwa ufito. Kwa hiyo fungeni chini ya ncha ya mbele mkanda wa chuma wa kuizuia isianguke. Chuma chake ni kidogo na kazi yake ni ya nusu saa, lakini ndani ya gari mna watu.

Sasa, ndugu, nakuja kwenye haki yetu.

Mmesikia ni mara ngapi nimesema neno "pima". Katika kazi hii kukata ni kidogo, kupima ni kwingi. Bamba hukatwa asubuhi moja, lakini huweza kupimwa siku mbili. Na hapo ndipo matajiri wengine wanapotuonea. Tajiri anapita, anaona lezi imesimama na fundi ameinama na saa yake ya kupimia, naye anasema, "Huyu amelala." Katika karatasi ya kazi anaandika saa za mashine peke yake. Saa za kupima zinapotea, na fundi anayetaka mshahara wake utoshe anajifunza haraka kuacha kupima. Hivyo ndivyo kazi mbaya inavyozaliwa. Fundi mwenyewe anajua, ila tajiri amemfundisha kwamba ujuzi wake hauna bei.

Mimi nasema, saa ya kupima ni saa ya kazi. Nawaomba wajumbe wetu walitie neno hili mezani wakati wa mapatano yajayo: kila kazi ya kipande kisichotoka dukani iandikwe katika karatasi kwa sehemu tatu, yaani kupima, kutengeneza na kujaribu, na zote tatu zilipwe.

Jambo la pili ni daftari. Kila mmoja wetu awe na daftari lake, aandike tarehe, kipande, na vipimo alivyovipata: sindano ilisoma ngapi, bomba lilikuwa unene gani, propela ilisawazishwa au haikusawazishwa. Gari likianguka, watu watauliza nani alichomelea. Hawatauliza nani alikataa kulipia kusawazisha. Ukiwa na daftari, una shahidi. Na mwenye gari akumbushwe kwamba injini ikibadilishwa ni lazima apeleke habari NTSA ili hati ya gari irekebishwe. Jambo hilo ni juu yake, si juu yetu, lakini kumkumbusha ni heshima.

La tatu ni kukataa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi njia. Ukiona hatari kubwa iliyo karibu, mwambie msimamizi wako, na mpaka itakaporekebishwa hana ruhusa ya kukurudisha hapo penye hatari. Basi lezi isiyo na kinga, jiwe la kusagia lenye ufa, gari lililoinuliwa kwa jeki bila stendi, hayo si mambo ya kuvumilia kwa kuogopa kuitwa mvivu. Propela inayozunguka ndani ya lezi ni ndefu, na ikishika mkono wa shati haiachi. Vaeni ovaroli iliyobana mikono, na miwani ya kukinga macho.

Iko pia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ni ya 2007. Inamlazimisha tajiri kuwakatia bima watu wake, na ulemavu wa kudumu uliokamilika huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Lakini yule ndugu yetu wa jua kali anayejitegemea chini ya mti hana tajiri, na kwa hiyo hana wa kumkatia. Baadhi yao walifundishwa kazi na watu waliokuwa wanachama wetu. Nasema tuwafungulie mlango. Anayeharibu bei ya kazi kwa njaa leo anaweza kesho kuwa mwenzetu wa kuilinda, lakini hatakuja akiona sisi tunamdharau.

La mwisho ni vijana. Trade Test ina daraja tatu, na Grade I ndiyo ya juu. Ni vizuri kuwa na cheti, na kila kijana akitafute. Lakini mtihani ni wa siku chache, na kipande cha namna hii hakina kitabu cha kiwanda cha kukuonyesha vipimo vyake. Hujifunzwa kwa kusimama karibu na mtu anayekijua. Wazee, msifiche saa zenu za kupimia kabatini. Mpeni kijana aishike, asome sindano, akosee mbele yenu, msije mkamwachia akosee barabarani. Na ninyi vijana, ulizeni. Kuuliza si ujinga.

Basi, Bwana Mwenyekiti, nina maombi matatu ya kuamuliwa na mkutano huu: karatasi ya kazi yenye sehemu tatu, daftari kwa kila fundi, na siku moja kila mwezi ya mafunzo ya kupima hapa tawini, wazi kwa mwanachama na asiye mwanachama. Saa ya kupimia nitaileta mimi. Lezi ya kufanyia kazi tuiombe kwa matajiri, na wakikataa tujue wamekataa.

Nimekwisha.