Mashine Zinazojifunza Kazi: Kaunti Ijiulize Nini Kabla ya Kuzikabidhi Maji?

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa kikao cha wazi cha idara ya maji, mafundi wa pampu, wanafunzi wa vyuo vya kiufundi na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Siku hizi hapana mkutano wa maendeleo unaomalizika bila mtu kutaja akili unde, yaani AI. Wengi huifahamu kama programu ya simu inayojibu maswali au kuandika barua. Lakini kuna upande wake mwingine ambao hausikiki sana na unaogusa maisha moja kwa moja. Ni ule wa kompyuta inayojifunza kuendesha mtambo: kufungua, kufunga, kuongeza na kupunguza, bila mtu kushika mkono wa koki.

Kuendesha mtambo bila mtu si jambo geni. Kila aliye na tangi la maji nyumbani anajua boya. Maji yakipanda, boya linapanda na kufunga mfereji. Yakishuka, boya linashuka na kufungua. Hilo ni boya lenye kanuni moja, na hiyo moja inatosha. Tatizo huja mtambo unapokuwa na sehemu nyingi zinazovutana: pampu kadhaa, mabomba ya kilomita nyingi, matangi ya juu na ya chini, umeme unaokatika na watu wanaofungua mifereji yote saa kumi na mbili asubuhi. Hapo mhandisi hawezi kuandika kanuni ya kila hali. Ndipo watafiti wa vyuo vikuu walipouliza: je, kompyuta inaweza kujifunza kanuni hizo yenyewe, kwa kujaribu na kupewa alama kila inapofanya vyema?

Kenya ilikuwa karibu na jibu moja la swali hilo kuliko wengi wanavyokumbuka. Mnamo Julai 2020, kampuni ya Loon ikishirikiana na Telkom Kenya ilianza kutoa intaneti kwa kutumia maputo, katika sehemu za magharibi na kati za nchi, zikiwemo Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru na Kericho. Yalikuwa maputo 35 hivi, yakielea kilomita 20 hivi juu ya ardhi na kulenga eneo la takriban kilomita mraba 50,000. Yalikuwa yamerushwa kutoka Nevada na Puerto Rico, yakaletwa na upepo.

Puto la aina hiyo halina injini ya kulisukuma mbele. Linachoweza ni kupanda na kushuka. Lakini upepo wa kila kimo huelekea upande wake, kwa hivyo puto hufanya kama abiria anayebadilisha matatu: hushuka kwenye hii inayoelekea kusiko, hupanda ile inayorudi njia yake. Mwanzoni wahandisi waliandika kanuni za kuchagua upepo. Baadaye, watafiti wa Google na wahandisi wa Loon waliifundisha kompyuta kwa mazoezi mengi ya kuigiza, ikipewa alama puto lilipokaa ndani ya kilomita 50 kutoka mahali lilipotakiwa. Kisha wakaijaribu juu ya Bahari ya Pasifiki kwa siku 39. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mnamo Desemba 2020: mashine iliyojifunza ilidumu mahali pake vizuri kuliko ile ya kanuni zilizoandikwa.

Wiki chache baadaye, Januari 2021, Loon ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake. Gharama hazikuwa zimeshuka kiasi cha kuiwezesha biashara kujitegemea. Huduma nchini Kenya ilisimamishwa Machi 2021.

Ikumbukwe kwamba sayansi haikushindwa hapo. Puto lilijifunza upepo. Kilichokosekana ni fedha za kuiendeleza huduma, na uamuzi wa kuifunga haukufanywa na mwananchi wa Baringo wala wa Kericho. Hilo ndilo somo la kwanza: ubora wa mashine ni jambo moja, na uhakika wa huduma ni jambo jingine.

Somo la pili linatoka Uswisi. Katika mji wa Lausanne, chuo kikuu cha EPFL kina mtambo wa utafiti unaoitwa TCV. Ndani yake gesi ya haidrojeni hupashwa moto mkali mno hadi ikawa plazima, ambayo haiwezi kuachwa iguse ukuta wa chombo. Inashikiliwa kwa nguvu ya sumaku, kupitia koili 19 ambazo umeme wake hurekebishwa maelfu ya mara kila sekunde. Watafiti wa chuo hicho walishirikiana na kampuni ya DeepMind. Chuo kilileta mtambo na wanafizikia waliouelewa, nayo kampuni ikaleta ujuzi wa kompyuta zinazojifunza. Kompyuta ilifanya mazoezi kwanza katika mfano ulioigiza mtambo, na baadaye tu ndipo ikakabidhiwa mtambo wenyewe. Mnamo Februari 2022 walichapisha kwamba iliweza kuishikilia plazima na kuipa maumbo mbalimbali.

Ushirikiano huo ulifaulu kwa sababu kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Bila wanafizikia waliouzoea mtambo, kompyuta isingekuwa na mfano wa kufanyia mazoezi. Kwa lugha ya nyumbani: bila fundi wa pampu anayejua kwamba bomba la mtaa fulani hupasuka likifunguliwa ghafla, mtaalamu wa kompyuta atafundisha mashine uongo.

Somo la tatu linatoka Chuo Kikuu cha Zurich, nchini humo humo. Watafiti wake wakishirikiana na kampuni ya Intel waliunda droni ya mashindano iliyojifunza kujiendesha, na mwaka 2023 wakachapisha kwamba iliwashinda marubani mabingwa wa dunia. Lakini watafiti hao walisema wazi pia upungufu wake. Hali inapobadilika, kwa mfano mwanga unapozidi ukumbini, droni inaweza kushindwa, ilhali marubani binadamu hujirekebisha. Mashine hujua vizuri kile ilichofunzwa. Nje ya hapo, inaweza kukosea bila kusita.

Sasa tuyalete masomo haya kwenye mfereji. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne limeiweka huduma ya maji na usafi chini ya serikali za kaunti. Ripoti za WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayalipiwi. Mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hupimwa vibaya. Mashine inayojifunza kupunguza presha usiku, wakati watu wamelala na mabomba yanavuja zaidi, au kuendesha pampu kwa umeme kidogo, inaweza kuokoa maji na pesa. Faida hiyo si ndoto.

Lakini kabla ya kaunti yoyote kutia sahihi, yapo maswali manne ambayo mwananchi ana haki ya kuyauliza katika vikao vya ushirikishaji wa umma.

La kwanza: mashine imewekewa mipaka gani isiyoweza kuivuka? Mashine hutafuta alama. Ikipewa alama za kuokoa umeme peke yake, itagundua kwamba njia rahisi ni kuunyima maji mtaa ulio mlimani. Hospitali, shule na mitaa ya juu lazima ziandikwe kama mipaka tangu mwanzo.

La pili: fundi anaweza kuizima na kushika usukani? Mafuriko yakibeba bomba au umeme ukipotea siku mbili, hiyo ni hali ambayo huenda mashine haikufunzwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Koki za mkono zibaki, na mafundi wanaojua kuzitumia wabaki kazini.

La tatu: takwimu ni za nani? Mita ya nyumba huonyesha ni saa ngapi watu wako ndani na ni saa ngapi hawapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mwananchi katika jambo hilo, na mkataba wowote sharti uifuate.

La nne: mfadhili akiondoka, nani ataendelea? Jibu zuri ni vyuo vilivyo karibu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina kituo cha sayansi ya data na akili unde, na vyuo vya kiufundi viko katika kaunti nyingi. Kijana aliyefunzwa hapa, kwa pampu za hapa, hafungashi virago kwa sababu bei ya hisa imeshuka ng'ambo.

Kwa wanafunzi: anzeni na tangi moja, kipimo kimoja cha presha na daftari la miezi sita. Kwa mafundi: yale mnayoyajua kichwani yaandikeni. Na kwa wananchi: mkandarasi atakapokuja na mashine inayojifunza, muulizeni imejifunza wapi, kwa nani, na itafanya nini siku mambo yakienda mrama.

 Sasa ni wakati wa maswali.